Kaa Arobaini na Ngoma ya Puge

Puge, 17 Novemba 2024

Kwa mke wangu Advera,

Mwangaluka. Shikamoo yako ya barua iliyopita nimeipokea. Marahaba, ingawa mke anayekaa miaka mitatu Ujerumani bila kumpikia mumewe hastahili kuitikiwa. Mimi babu yako ni mzima. Mama yako mdogo Getruda ni mzima na mdomo wake ni mzima zaidi. Baba yako mdogo Damas yuko Mwanza kwenye ujenzi, anarudi mwisho wa mwezi. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Mvua ya kwanza imenyesha Jumanne. Kikundi cha kulima kimenifuata tena niwapigie ngoma msimu huu. Nina miaka sabini na minane, lakini wamesema mwingine hawana. Vijana walileta spika ya kuchaji, ikaimba vizuri, ikazimika kabla hawajamaliza matuta manne.

Simu usinipigie. Unajua sikio la kulia limekwisha na la kushoto linafuata njia hiyo hiyo. Getruda akipokea, inabidi anipigie kelele maneno yako mpaka kijiji kizima kinajua una mafua. Barua naisoma mwenyewe kwa wakati wangu, na hakuna anayenisimamia.

Sasa nijibu jambo moja. Padri aliniuliza baada ya misa mjukuu wangu anasomea nini huko. Nikasema kaa. Akacheka, akadhani namtania. Na mimi nikacheka, maana sikujua niongeze nini. Kaa na kompyuta wamekutana wapi? Mtoto wa Puge, aliyeiona bahari akiwa mtu mzima, anavuka bahari hiyo kwenda kusomea tumbo la kaa! Nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye akili ambaye hakwenda shule ndefu, maana ndivyo nilivyo.

Kuhusu kuja likizo, usije. Nauli na siku utakazopoteza zitakurudisha nyuma. Maliza kwanza. Mimi niko imara.

Mumeo,
Adriano


Kiel, 15 Desemba 2024

Kwako Babu, na mume wangu kama hujanipa talaka,

Shikamoo. Barua yako imenikuta na mafua yale yale ambayo kijiji kizima kinayajua. Huku jua linazama saa kumi jioni na linachomoza likiwa limechoka. Michembe ya viazi aliyonitumia mama mdogo iliisha mwezi wa tisa. Nampongeza ng'ombe. Msalimie sana mama mdogo, na umwambie nimesoma ulivyomwandika.

Kaa ana meno tumboni, Babu. Sikutanii. Akishameza, tumbo ndilo linalotafuna. Na tumbo hilo linaendeshwa na fundo dogo la mishipa ya fahamu, lenye seli kama thelathini tu. Ukilitoa fundo lenyewe ukaliweka kwenye kisahani cha maji ya chumvi, linaendelea na mapigo yake: kundi la kwanza la seli, la pili, la tatu, halafu la kwanza tena. Tumbo halipo, chakula hakipo, na bado linapiga. Siku ya kwanza nilipoyaona mapigo hayo kwenye skrini, wenzangu walikwenda kula wakarudi wakanikuta palepale.

Mimi kaa simgusi. Wenzangu wanawapima, na mimi nalijenga fundo hilo ndani ya kompyuta kwa hesabu. Kila seli ina vilango vidogo vya kupitisha chumvi, na kila aina ya kilango naipa namba yake. Namba zikikaa vizuri, mapigo yanakuja yenyewe. Kazi niliyopewa ni kumpata kaa wa kompyuta ambaye mapigo yake hayavurugiki maji yakipata joto, kwa sababu bahari inapata joto na watu wanataka kujua nani atastahimili.

Babu, miezi mitano sasa hapigi. Nilichukua vipimo vya kaa arobaini, nikavijumlisha, nikagawanya kwa arobaini, nikampa kaa wangu namba za katikati kama tulivyofundishwa darasani. Anakaa kimya. Siku nyingine anapiga la kwanza na la tatu pamoja, la pili linakuja limechelewa kama mgeni wa harusi. Wale arobaini wenyewe, kila mmoja anapiga vizuri. Nimebadilisha kila kitu isipokuwa namba. Nashindwa kutulia. Natoka nje, natembea mpaka bandarini, narudi, naiwasha tena, na ni yale yale.

Wewe uliwezaje kuwafanya watu ishirini na wanne washushe majembe kwa pamoja? Sikuulizi kwa utani.

Halafu, mbona mwandiko wako umekuwa mdogo? Mstari wa kwanza ni wako. Ule wa mwisho nimeupiga picha kwa simu nikaukuza ndipo nikausoma. Una nini?

Mkeo,
Advera


Puge, 26 Januari 2025

Mke wangu,

Marahaba. Noeli tulikula vizuri, Damas alikuja na mchele na kilo mbili za sangara. Mahindi yamefika magotini. Getruda amesema ukija atakupiga, kisha akakuanikia michembe.

Mwandiko mdogo ni wa kubana karatasi. Daftari limebaki kurasa chache.

Hilo la kaa nimelielewa, na nimemweleza Padri, akashangaa mpaka akakaa chini. Sasa nikusimulie la mipini. Mwaka wa sabini na sita aliletwa hapa bwana shamba kijana, msafi, ana kamba ya kupimia mfukoni. Akakuta kila mtu katika kikundi ana jembe lake. Yoramu ni mrefu, jembe lake zito, mpini mrefu, kwa hiyo anainua mapema kabla ya wenzake. Gaudensia ni mfupi, jembe lake limeliwa na mchanga limekuwa jepesi kama kijiko, anainua amechelewa na anashuka upesi. Juu huko walikuwa kila mtu na wakati wake, ila chini walifika pamoja, na ngoma. Bwana shamba akasema huu ni uholela. Akapima mipini ya watu wote ishirini na wanne, akaandika, akagawanya, akapata mpini wa katikati. Fundi akachonga yote sawasawa.

Nikapiga ngoma ile ile. Haikufika saa nne mstari ulikuwa umekatika vipande vitatu. Yoramu anashika kiuno, Gaudensia anajipiga kidole cha mguu, na mimi nimesimama na ngoma yangu kama mtu aliyepotelewa. Ule mpini haukuwa wa mtu yeyote, mke wangu. Uliwafaa watu wasiokuwepo. Tuliichoma kuni ile mipini, bwana shamba akahamishiwa Usinge.

Nadhani wewe ndiye bwana shamba. Usikasirike.

Na jambo jingine. Asubuhi watu wote ni wazuri. Mimi nilikuwa nawatambua saa saba, jua likiwa utosini. Wawili waliolingana kabisa asubuhi, mmoja atabaki kwenye ngoma hata nikiongeza mwendo, mwingine atapotea. Kwa kuwatazama asubuhi huwezi kujua ni yupi.

Msimu huu nimepiga siku tatu tu. Ngozi ya ngoma imelegea kwa unyevu.

Usije. Maliza.

Adriano


Kiel, 23 Februari 2025

Shikamoo mume wangu, shikamoo mara mbili,

Wanapiga! Niliisoma barua yako nimesimama, nikakaa sakafuni na koti langu. Nilitupa zile namba za katikati zote. Nikampa kila kaa namba zake mwenyewe, nikatengeneza kaa arobaini mbalimbali badala ya mmoja. Siku ile ile thelathini na mmoja walipiga, la kwanza, la pili, la tatu, na waliobaki niliwapata wiki iliyofuata. Namba zao hazifanani hata kidogo, na mapigo yao ukiyaweka pamoja huwezi kuyatofautisha. Nilipomweleza Profesa anayenisimamia alinitazama kwa huruma, akavuta karatasi kwenye rundo lililo juu ya meza yangu mwenyewe. Kumbe jambo hili wengine waliliandika zamani, na mimi nilikuwa naweka kikombe cha chai juu ya karatasi zao. Nimeona haya sana. Lakini wewe hukuzisoma na ulijua.

Na saa saba yako nayo ni kweli. Maji yakiwa nyuzi kumi na moja wote arobaini ni sawa. Nikipandisha hadi ishirini na tatu, kumi na tisa wanavurugika. Sijajua kwa nini hawa na si wale. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki.

Sasa tuongee sisi. Ngozi ya ngoma ikilegea inaanikwa motoni. Wewe ndiye uliyenifundisha, nikiwa na miaka sita, na ukanipiga kofi nilipoisogeza karibu mno. Mtu hawezi kukosa msimu mzima kwa sababu ya unyevu. Naomba unijibu haya kwa ukweli. Mkono unatetemeka ukiwa umeuweka tu pajani? Ukitaka kugeuka unapiga hatua ndogo nyingi? Miguu inakwama unapofika mlangoni? Mimi si daktari. Ila chumba cha pili hapa kuna watu wanaochunguza mwendo wa binadamu, na nimewasikia wakizungumza, nikashindwa kula.

Nina jambo la kukuambia kuhusu mwezi wa sita. Nitakuambia ukinijibu.

Advera


Puge, 30 Machi 2025

Advera,

Marahaba. Tuko wazima. Mvua imekatika mapema, karanga zitakuwa chache.

Nimefurahi kaa wako wanapiga. Waendelee.

Hayo mengine uliyouliza sikuyapenda. Mimi siyo kaa. Sikuwekwa kwenye kisahani unipime. Nina miaka mingi, na mzee ana mwendo wa mzee, na mlango ni mlango. Bibi yako Yustina aliingia hospitali kwa miguu yake akiwa na kikohozi. Alirudi hapa amelala nyuma ya gari. Kwa hiyo habari ya hospitali usiianzishe, wala usimtume Getruda aianzishe.

Liseme jambo lako la mwezi wa sita, au liache.

Adriano


Kiel, 4 Mei 2025

Babu,

Shikamoo. Najua umekasirika, hukuniita mke wako. Natumaini karanga hazikuwa haba kama ulivyohofia. Huku miti imeanza kutoa majani.

Mama mdogo amenitumia ujumbe wa sauti. Usimgombeze, nilimlazimisha. Ameniambia ya Jumapili ya Matawi. Kwamba ulikuwa mbele ya maandamano, na ulipofika kizingitini mwa kanisa miguu ikagoma, na watu wote nyuma yako wakabanana na matawi yao wakiimba wimbo mmoja tena na tena. Kwamba Damas alikushika mkono ukamsukuma, ukaanguka, na tangu siku hiyo huendi misa. Kwamba unaniandikia kurasa mbili kwa siku nne. Nimelia, na sioni sababu ya kukuficha.

Ni kweli, wewe si kaa. Lakini wale wa chumba cha pili wananiambia kuna ugonjwa ambao mdundo wa ndani unakatika na mguu unasubiri amri isiyokuja. Wanasema mdundo wa nje unaweza kuushika mguu na kuuvusha. Simaanishi dawa. Namaanisha ngoma. Mwombe mtu akupigie ule mwendo wa kulima, polepole, halafu utembee. Na ukishaona kuwa unatembea, nenda hospitali wakupe vidonge, maana vipo. Bibi alikwenda amechelewa, Babu. Ndiyo maana alirudi amelala. Alikaa na kile kikohozi miezi saba akisema ni vumbi la karanga, na wewe ulimwamini.

Jambo la mwezi wa sita ni hili. Mkataba wangu unaisha. Profesa amenipa nafasi ya miaka miwili zaidi, nijue kwa nini wale kumi na tisa wanavurugika. Ninaitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Na kila siku naogopa kwamba miaka miwili ikiisha sitakukuta ukitembea. Lazima nisaini au nikatae kabla ya tarehe 30 Juni. Sitaamua peke yangu. Ukisema nije, nakuja. Niandikie mapema, barua zetu zinakula mwezi mzima.

Mkeo,
Advera


Puge, 19 Juni 2025

Mke wangu,

Mwangaluka, na marahaba ya siku zote nilizokununia. Barua yako ilikaa posta Nzega mpaka jirani yetu Majidi alipokwenda na pikipiki kuichukua. Nilipofika kwenye habari za bibi yako nikaiweka chini siku mbili. Ni kweli. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Nikamwita Yoramu. Naye ni mzee sasa, ila mkono wake una nguvu. Nikampa ngoma yangu, nikamwambia piga mwendo wa palizi, na usimwambie mtu. Unamjua Yoramu, siri haikai kwake. Siku ya safari ya hospitali wamekuja watu kumi na moja wa kikundi, na majembe yao. Akapiga. Sikuisikia kwa sikio, niliisikia kifuani, na mguu ukatoka. Ukavuka kizingiti kama vile hakijawahi kunishinda. Nimetembea kutoka mlangoni kwangu mpaka barabara kuu bila kusimama, watu wanashangilia, Getruda ananifuata na mkoba analia kama aliyefiwa.

Hospitalini mlinzi akaikataa ngoma getini. Nikaingia kwa kushikwashikwa mpaka mlango wa daktari, na hapo nikaganda. Foleni nyuma, daktari mbele, mimi katikati. Getruda akaanza kupiga makofi na kuimba ule wimbo wa palizi. Muuguzi akamwambia, "Mama, hapa ni hospitali!" Getruda akamjibu, "Ndiyo maana tumemleta." Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akaitikia, kisha foleni nzima. Nikaingia. Daktari, kijana kabisa, akasimama akasema, "Mzee, hebu toka uingie tena nione." Nikamwambia mimi sikuja kutumbuiza.

Ameuita ugonjwa huo Parkinson. Amenipa vidonge na mkono umetulia kidogo. Nikamuuliza kama nitapona. Akaniambia bila kuzunguka kwamba haurudi nyuma, unakwenda mbele tu, na mwendo wake hakuna anayeujua.

Sasa jambo lako. Babu yangu mimi alitoka Unyanyembe mpaka pwani na pembe ya ndovu begani, mtu wa ngoma akiwa mbele ya msafara, na akarudi kwa miguu. Mimi nimeshindwa na mlango wa kanisa, na aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie uongo mwaka mzima. Kila niliposema usije, nilikuwa naogopa utaniona hivi. Kila niliposema niko imara, nilikuwa nimekaa kitandani nasubiri mtu aje anigeuze. Nimemkataza Getruda asikuambie neno hili kwa simu. Ni langu kulisema.

Njoo, Advera. Naogopa.

Adriano


Kiel, 29 Juni 2025

Babu mpenzi,

Shikamoo. Mama mdogo ameniambia umekwenda hospitali na umerudi umesimama, nikaruka peke yangu jikoni. Nilipomuuliza umesema nini kuhusu mkataba akasema umeliandika mwenyewe na amekatazwa kulitaja. Nimemsihi, amekata simu.

Barua haijaja. Kila asubuhi nashuka ngazi kutazama sanduku, na leo ni Jumapili, posta haileti kitu. Kesho ndiyo mwisho. Nimezisoma tena barua zako zote nikitafuta utasema nini, na zinasema kitu kimoja: usije, maliza. Nimeona hata hii iliyo njiani itasema hivyo. Basi nimekutii. Nimesaini miaka miwili, karatasi nitaipeleka asubuhi.

Nilidhani nikishasaini nitatulia. Sijatulia.

Mkeo,
Advera


Kiel, 20 Julai 2025

Mume wangu,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 19 Juni imefika juzi Ijumaa, imekunjamana, na mhuri wa posta umefuta nusu ya jina langu. Nimeisoma ngazini. Sikufika hata chumbani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Profesa nikamwambia navunja niliyosaini. Akauliza kama nimefikiri. Nikasema nimefikiri vya kutosha, tena vibaya. Amenipa kaa arobaini wote ndani ya kompyuta yangu ndogo, akasema nifanye nitakachoweza, na nafasi atampa mtu mwingine ifikapo Oktoba. Inaniuma, Babu. Sitakudanganya kwamba hainiumi. Wale kumi na tisa nitawaota.

Natua Mwanza tarehe 9 Agosti, napanda basi la Nzega siku hiyo hiyo. Mama mdogo asichinje kitu.

Siji kukutibu. Yote ninayoyajua kuhusu kaa hayawezi kukurudishia hata hatua moja, na vidonge vya daktari vitakuja kushindwa siku moja, wewe na mimi tunalijua hilo. Nakuja tutembee wote, maadamu bado unaweza.

Advera